Jinamizi linalokuja siku za giza tu: mwili unafanya nini ukiwa umelala?

Kuna dogo mmoja mvuvi wa dagaa, jina nalihifadhi, mwezi mzima huu amekuwa ndo stori ya mwaloni Kibirizi, hapa Kigoma. Anasema akilala tu anakabwa. Macho yanafunguka, anaona chumba chake vizuri kabisa, anaona ndoo, anaona koti la mvua limening'inia mlangoni, ila hawezi kuinua hata kidole, sauti haitoki na kuna kitu kizito kimemkalia kifuani. Siku moja akaona kabisa mtu mweusi kasimama upande wa miguu. Sa kilichowasha moto sio hiyo, maana jinamizi nani halijui, kilichowasha moto ni pale aliposema linamjiaga siku za giza tu, mwezi ukiwa mkubwa analala kama mtoto mchanga. Hapo watu wakapata jibu fasta, mchawi si anapenda giza, na kwa bahati mbaya jirani yake ni bibi mmoja muuza mawese anayeishi peke yake, macho mekundu kwa moshi wa kuni. Mengine mnajua wenyewe zinavyoendaga hizi stori kanda yetu hii.

Mi sio daktari, nafundisha baiolojia sekondari hapahapa Kigoma, na kwenye mada ya neva wanafunzi maswali yao yote yanaishiaga kwenye usingizi. Mwalimu kwanini nashtuka kama naanguka, mwalimu kwanini mdogo wangu anatembea usiku, mwalimu jinamizi ni nini. Vyote hivi ni familia moja, na ukishaelewa kimoja vingine vinafunguka vyenyewe, kwahiyo nimeamua niandike mara moja nimalize.

Tuanze na maneno. Mfumo wa neva ni ubongo, uti wa mgongo na zile nyuzi zinazotoka hapo kwenda mwili mzima. Ukitaka kunyanyua kikombe, amri inatoka sehemu ya juu ya ubongo, inashuka kwenye shina la ubongo (hilo liko chini ya ubongo, usawa wa kisogo, kama kikonyo cha uyoga), inaingia kwenye uti wa mgongo, pale kuna seli ya neva ya misuli inaipokea na kuipeleka kwenye mkono, misuli inajikunja, kikombe kinapanda. Hiyo seli ya mwisho kwenye uti wa mgongo naomba uikumbuke maana kesi yetu yote iko pale. Yenyewe ikinyamazishwa, ubongo unaweza kupiga kelele mpaka asubuhi na mkono hautikisiki.

Halafu usingizi. Watu wengi tunafikiri usingizi ni kitu kimoja, kwamba umezima taa, umelala, umeamka. Sivyo. Usingizi una vyumba, na usiku mmoja unaingia na kutoka mara kadhaa. Unaanza na usingizi mwepesi, unashuka kwenye usingizi mzito, unapanda, unaingia usingizi wa ndoto, afu unarudia tena, mzunguko mmoja ni kama dakika 90 hivi. Usingizi wa ndoto wataalamu wanauita REM, herufi tatu za kizungu zinazomaanisha macho yanakimbia, kwasababu ndivyo ulivyogunduliwa, macho chini ya kope yanacheza huku na huku. Aliyeligundua hilo ni mwanafunzi wa pale Chicago, Eugene Aserinsky, alimfunga nyaya mtoto wake mwenyewe wa miaka 8 akakesha anaangalia kalamu za mashine zikichora, na mwaka 1953 yeye na profesa wake Nathaniel Kleitman wakatangaza. Kabla ya hapo dunia nzima iliamini ubongo uliolala ni ubongo uliopumzika.

Kumbe haupumziki. Kwenye usingizi wa ndoto ubongo unafanya kazi karibu sawa na mtu aliye macho. Unaota unakimbia, na ile sehemu ya ubongo inayotoaga amri ya kukimbia inatoa amri kweli. Sa jiulize, mbona hukimbii? Mbona hutoki kitandani ukavunja mlango?

Hapa ndo kwenye utamu wenyewe. Wavuvi watanielewa haraka. Boti ikiwa na mashine, unaweza ukaiwasha ikanguruma vizuri tu lakini gia iko nyutro, pangaboi halizunguki, boti imetulia palepale. Ukiota, shina la ubongo linakuweka nyutro. Mashine inanguruma, boti haiendi. Namna linavyofanya ni kwamba kuna kundi la seli pale kwenye shina zinawaka wakati wa ndoto, zinatuma ujumbe kushuka mpaka kwenye zile seli za neva ya misuli nilizosema uzikumbuke, na pale zinamwagiwa kemikali mbili za kunyamazisha, moja inaitwa glisini, nyingine GABA. Seli zikinyamaza misuli inalegea kabisa, sio kulegea kama umechoka, kulegea kama kitambaa kilicholowa.

Kama unataka kujua nguvu ya hizo kemikali fikiria pepopunda. Ile sumu ya pepopunda kazi yake ni kuzuia glisini na GABA zisitoke. Breki zikikosekana misuli inakaza yote kwa pamoja, taya zinagoma kufunguka, mgongo unapinda kama upinde. Hiyo ni picha ya mwili usio na breki mchana. Usiku, wakati wa ndoto, ni kinyume chake, breki zimekanyagwa mpaka mwisho.

Vitu vichache vinaachwa huru. Macho, ndo maana yanacheza. Moyo haumo kwenye hii habari kabisa. Na kiwambo, ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, wenyewe unaendelea kuvuta hewa. Ila misuli ya katikati ya mbavu, inayosaidiaga kupanua kifua, nayo imelegezwa. Hii ishike vizuri tutairudia kwa yule dogo.

Mfaransa mmoja, Michel Jouvet wa Lyon, aliliona hili kwa paka mwishoni mwa miaka ya 1950. Paka akiingia kwenye ndoto misuli ya shingo inalegea mazima. Afu akaenda mbele zaidi, akaharibu kile kisehemu kidogo cha shina kinachokanyaga breki, akasubiri paka walale. Walipofika kwenye ndoto wakanyanyuka. Wamelala hivyohivyo, wananyatia panya asiyekuwepo, wanarusha makucha hewani. Kumbe breki ndiyo ilikuwa inawazuia muda wote ule, ndoto zao zilikuwa za vitendo siku zote.

Kwa sisi watu wazima usingizi wa ndoto ni kama asilimia 20 mpaka 25 ya usiku, kwahiyo ukilala masaa 8 unakaa nyutro karibu saa moja na nusu mpaka mawili, kila siku ya maisha yako, na hujui. Ukitaka ushahidi wa bure panda treni. Kutoka Tabora mpaka hapa, umekaa wima, Urambo umesinzia kidogo, kichwa kinanesa ila bado kinajishikilia, hapo uko usingizi mwepesi, misuli imelegea lakini haijafungwa. Karibu na Uvinza shingo inaanguka mazima kwenye bega la mtu usiyemjua na udenda juu. Kuna uwezekano hapo ndoto ilianza, au ilitaka kuanza ikashindwa maana huwezi kuwa nyutro huku umekaa wima bila kuegemea popote.

Basi tukirudi kwenye jinamizi. Kikawaida ndoto ikiisha breki inaachiwa kwanza afu ndo unaamka, au vyote kwa pamoja, hata hugundui. Jinamizi ni pale ratiba inapoteleza, fahamu inaamka breki bado imekanyagwa. Umeshaona chumba, umeshasikia jogoo, ila seli za uti wa mgongo bado zimemwagiwa glisini. Basi. Mara nyingi ni sekunde kadhaa mpaka dakika moja mbili, ila kwa anayekabwa ni karne.

Na ule uzito kifuani? Ebu rudi kwenye mbavu. Mtu akishtuka kitu cha kwanza anataka kuvuta pumzi ndefu, sa misuli ya mbavu haitii, kiwambo peke yake kinaendelea na pumzi zake fupifupi za usingizini, ubongo unatafsiri kwamba kuna kitu kimekaa juu. Hakuna kilichokaa. Yule mtu mweusi naye ana maelezo, sehemu ya ubongo inayoshughulika na woga inakuwa moto sana wakati wa ndoto, na ndoto yenyewe haijazimika, kwahiyo mabaki ya ndoto yanamwagika juu ya chumba cha kweli. Koti la mvua mlangoni linapata kichwa na mabega. Ndo maana stori zinafanana dunia nzima. Wajapani wanaiita kanashibari, maana yake kama kufungwa kwa chuma. Wenzetu wa Pemba na Unguja mwaka 1995 walipata taharuki kubwa ya Popobawa, jini lililosemekana kuvamia watu usiku wakiwa wamelala, watu wakawa wanalala nje makundi makundi wamewasha moto, na wasomi waliokuja kuiangalia ile taharuki wapo walioona jinamizi ndani yake: kukandamizwa, kushindwa kusogea, kiza mbele ya kitanda.

Watafiti waliojumlisha tafiti 35 mwaka 2011 walipata kwamba karibu watu 8 kwa kila 100 wameshakabwa angalau mara moja maishani, na kwa wanafunzi inafika karibu 28 kwa 100. Wanafunzi! Kwanini wao? Kwasababu wanakesha. Wanalala ovyo, wanavunja ratiba. Mi mwenyewe nilikabwa mara ya kwanza bwenini nikijiandaa na mtihani wa kidato cha sita, nikaona mkono unatoka chini ya kitanda cha jirani yangu, na nisiwadanganye, asubuhi nilienda kuomba nihamishwe kitanda.

Sasa mpaka hapo fumbo la giza umeshaanza kulitegua mwenyewe. Dagaa wa Tanganyika anavuliwa kwa taa. Zamani karabai, siku hizi taa za betri na sola. Taa inavuta dagaa pale tu ziwa likiwa na giza, mwezi ukiwa mkubwa mwanga umetapakaa kila mahali na taa yako haina maana, kwahiyo wavuvi wanapumzika, wanashona nyavu, wanalala usiku kama watu wengine. Siku za giza dogo anaingia ziwani jioni anatoka alfajiri, anapanga mauzo, analala saa mbili asubuhi kwenye chumba cha bati ambacho saa nne tayari ni tanuru, watoto wanapiga kelele nje, spika ya kibandani inaimba. Anaamka, analala, anaamka. Saa ya ndani ya mwili inaisukumaga ndoto nyingi zaidi kuelekea alfajiri na asubuhi, kwahiyo mtu anayeanza kulala asubuhi na deni la usingizi juu anaweza akaingia kwenye ndoto haraka kuliko kawaida, afu kelele inamwamsha katikati ya ndoto. Katikati ya ndoto maana yake breki ikiwa chini. Ongezea kwamba analala chali, na kulala chali kunahusishwa sana na kukabwa. Giza linahusika kweli jamani, ila linahusika kwa kumpeleka kazini.

Nilipomweleza mwaloni kuna mzee akaniuliza, haya, na yale ya kushtuka kama unaanguka shimoni? Wengi tunaambiwaga roho ilikuwa imetoka matembezini imerudi kwa kishindo, na eti ukifika chini kwenye ndoto hauamki tena. Mi nimeshafika chini mara tatu naandika hapa. Ile inatokea mwanzo kabisa wa usingizi, hata ndoto kamili haijaanza. Mfumo unaokushikilia macho unakabidhi zamu kwa mfumo wa usingizi, na kwenye makabidhiano waya mmoja unacheza, misuli inapigwa shoti moja, mguu unaruka. Ubongo unatunga stori ya kuanguka ili kuelezea shoti ambayo imeshatokea. Watu wengi sana inawapata, na ukiwa umechoka au umekunywa kahawa nyingi inazidi.

Kutembea usingizini nako watu wanakuchanganya na ndoto. Ukifuata mantiki utaona haiwezekani kuwa ndoto ya kawaida, kwenye ndoto si uko nyutro? Anayetembea yuko kwenye usingizi mzito, mara nyingi theluthi ya kwanza ya usiku, huko breki ya ndoto haijakanyagwa, na sehemu ya ubongo ya kutembea imeamka wakati sehemu ya kujitambua imelala fofofo. Ni watoto zaidi, na inakimbia kwenye familia. Ile ya kwamba ukimwamsha anakufa au anakuwa kichaa ni uongo, atachanganyikiwa tu, anaweza akakusukuma. Bora umshike bega taratibu umrudishe kitandani. Hatari yenyewe ni anapoelekea: jiko lenye makaa, kisima, barabara, na kwa sisi wa huku, maji.

Kusaga meno? Mtoto akisaga meno usiku bibi anatafuta dawa ya minyoo. Mtoto kupewa dawa ya minyoo ni sawa kwa sababu zake nyingine, ila taya kusaga ni misuli ya kutafuna inayowashwa na ubongo ukipanda kidogo kutoka usingizini, na msongo wa mawazo unaongeza. Na kichanga kinachotabasamu na kurusharusha vidole, tunasemaga anacheka na malaika, siwezi kumnyang'anya mama hiyo furaha, naongezea tu kwamba kichanga nusu ya usingizi wake ni usingizi wa ndoto na breki yake bado haijakomaa, vitu vinavuja. Mbwa wako anayepiga teke amelala naye vilevile, breki inavuja kidogo kwenye miguu.

Hii nyingine nataka nikae nayo kidogo kwasababu huku kwetu ina madhara. Mtu anaamka hoi, mwili unauma kama amelima heka nzima, wanamwambia umelimishwa usiku na wachawi. Muulize mwenzake wa kitandani: anakoroma? Anakoroma mpaka anakata pumzi, kimya, kimya, afu anashtuka kama anayeibuka majini? Ile hali ya misuli kulegea inafika mpaka kooni. Kwa baadhi ya watu, hasa wanene au wenye shingo nene, koo lililolegea linajifunga, hewa haipiti, ubongo unalazimika kumgutusha kidogo afungue koo, afu anazama tena. Inaweza kutokea mara nyingi kila saa mpaka kunakucha, na yeye hakumbuki hata moja. Lazima aamke hoi. Huyo anahitaji hospitali, presha yake inapimwa, na sio kuhama nyumba.

Wapo wengine wa hospitali. Mtu mzima, mara nyingi mwanaume aliyevuka miaka 50, ambaye ameanza kupiga ngumi na kurusha mateke akiota anapigana, mkewe ana alama. Huyo breki yake imeanza kuchoka kama wale paka wa Lyon, ugonjwa huu ulielezwa vizuri na Carlos Schenck na Mark Mahowald huko Minnesota mwaka 1986, na unaweza kuwa dalili ya mapema ya ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka, miaka mingi kabla haujajitokeza. Asipuuzwe na asiitwe mkorofi. Pia mtu anayezidiwa na usingizi mchana hata akiongea, na akicheka sana magoti yanaishiwa nguvu anadondoka huku anasikia kila kitu, kwake breki ya usiku inakanyagwa mchana. Na mwili ukitetemeka wote kwa mpigo unaojirudia, ulimi umeng'atwa, mkojo umetoka, hiyo ni degedege au kifafa, usikae nyumbani unabishana kama ni jini. Miguu kuwasha na kutotulia jioni ukiwa umejilaza, hasa kwa mama mjamzito, mara nyingi madini ya chuma yamepungua, apimwe damu.

Jinamizi lenyewe la mara mojamoja halina dawa ya kununua na haliui mtu. Likikushika usipigane na mwili mzima, utazidisha woga tu. Wengi inawasaidia kuhangaika na kitu kidogo, ncha ya kidole cha mguu, ulimi, au kutulia na kufuata pumzi ya tumboni mpaka breki iachie. Ukiwa na dua yako isome, moyo ukitulia kila kitu kinakuwa chepesi. Lala ubavu. Lipa deni la usingizi.

Yule dogo nilimshauri aning'inize shuka zito dirishani, alale ubavu, na lile koti alitoe mlangoni. Akasema koti atatoa.

Jioni nilipita kwa yule bibi kununua mawese, shikamoo bibi, marahaba mjukuu wangu, nikaona nimuulize tu kiaina kama analala vizuri. Akacheka mpaka akakohoa. "Jinamizi? Linanikabaga toka sijaolewa. Juzi hapa limenikaba nikaona kijana kasimama mlangoni na koti refu la mvua, nikasema loo, huyu jirani yangu mvuvi ndo anayenichezea."

Nikalipa mawese nikaondoka.